Mtoto asiyesema si mlozi

Wazazi wa Dilala na Manika, nanyi jamaa mliohamishwa kupisha migodi, leo nasema juu ya mtoto asiyesema.

Ana miaka minne. Ukimwita, hageuki. Anazungusha kifuniko cha chupa mchana kutwa. Baruti ikilipuka mgodini, anaziba masikio na kujigonga ukutani. Jirani ananong'ona: “Huyu ni mlozi.” Kesho yake anapelekwa chumba cha maombi, anafungwa, ananyimwa chakula.

Dalili hizo zinaweza kuwa za otisimu, ambayo wengine huiita usonji. Mtoto huzaliwa hivyo. Si laana, wala si kosa la mama. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Sheria ya Januari 10, 2009 inampa mwenye kumshitaki kifungo cha mwaka 1 hadi 3.

Lakini sheria haimfundishi mtoto kuomba maji. Anayemfundisha ni mzazi. Shirika la Afya Duniani, OMS, lina mafunzo ya walezi ambayo hata asiye mganga anaweza kuyaongoza: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Msingi wake ni mwepisi. Kazi igawe vipande vidogo: leo ashike kikombe tu, kesho akupe. Akifanya, msifu palepale. Akipiga kelele, angalia kilichotangulia: njaa, kelele, au mabadiliko? Ondoa chanzo kabla ya kukamata fimbo. Siku iende kwa mpango uleule: kuoga, kula, kucheza, kulala.

Hapo ndipo kuhama kunapomuumiza zaidi. Nyumba, njia na sauti alizozoea vinapotea kwa siku moja. Mpelekeni kuona makao mapya mapema, mara kadhaa. Mkeka wake na kikombe chake vitangulie.

Kwa makampuni na wakubwa wa jimbo: mnapohesabu vyumba na miti ya matunda ya kulipwa, andikeni pia watoto hawa, muwape muda na mahali pa utulivu. Sheria ya Mei 3, 2022 inalinda watu wenye ulemavu, kuhamishwa hakuifuti.

Na ninyi wachungaji, ombeeni mtoto akiwa mikononi mwa mama yake, ameshiba, bila kamba. Kisha mwambieni mama ampeleke kituo cha afya. Neno lenu linasikika kuliko langu.