MBWA MLINZI NAYE ALINDWE

Mtu apitaye katika mitaa ya Mwanga, Gungu na Katubuka hatakosa kuona kibao cha bati kilichotundikwa mlangoni, kimeandikwa maneno mawili tu: Mbwa Mkali. Baadhi ya vibao hivyo husema kweli. Vingine vimetundikwa na watu wasiofuga hata paka, kwa matumaini kwamba mwizi naye anajua kusoma.

Hatuwacheki wenye vibao hivyo, kwa kuwa twajua haja iliyowafanya wavitundike. Mwambao wa Tanganyika ni nchi ya watu wafanyao kazi usiku. Mvuvi wa dagaa huondoka kwake jua likichwa, akawasha taa zake katikati ya ziwa, akarejea alfajiri. Siku zote za giza la mwezi nyumba yake hubaki na mama na watoto, na nje ya nyumba hubaki nyavu zilizoanikwa na dagaa waliotandazwa mchangani. Mkulima wa mihogo na michikichi naye ana maadui zake, nao ni nyani wa mchana na nguruwe mwitu wa usiku. Watu hawa hawana fedha ya kumwajiri mlinzi wa mshahara. Wanachoweza ni kumlea mtoto wa mbwa, wakamngoja akue na kubweka.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba watatuwia radhi tukianza na ziwa badala ya bahari. Habari hii itawafikia na wao, na tena kwa heshima, maana katika jambo hili wao ndio waliotutangulia.

Tunalotaka kulisema leo ni kwamba mbwa wa ulinzi ni mfanyakazi, na mfanyakazi ana haki zake. La kusikitisha ni kwamba wengi wetu tunataka kazi yake bila ya kutaka gharama yake. Mchana mbwa huyu huachwa ajitafutie riziki jalalani na kwenye mialo, akigombania vichwa vya samaki na mbwa wenziwe wa mitaa mingine. Usiku tunamtaka arudi awe askari mwaminifu. Akiumwa na mbwa mwenye ugonjwa huko jalalani hapana ajuaye, na wa kwanza kulipa gharama hiyo ni mtoto wa nyumba ile ile aliyowekwa kuilinda.

Katika historia ya nchi hizi kuna mbwa mmoja ambaye kisa chake kinafaa kukumbukwa. Dk. Livingstone, kabla hajafika Ujiji mwaka 1869, alikuwa na mbwa mdogo aliyeitwa Chitane. Wakati wa safari mbwa huyo aliufanya msafara wote kuwa kazi yake. Alikimbia mbele akamtazama mtu wa kwanza, akarudi nyuma akambwekea wa mwisho aliyechelewa, na mbwa wa vijijini hawakuthubutu kuvikaribia vibanda vya wasafiri. Mwezi Januari mwaka 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, msafara ulivuka bwawa lenye maji ya kufika kiunoni. Kila mtu alishughulika na usalama wake mwenyewe. Chitane aliogelea mpaka nguvu zikamwishia, akafa maji. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, lakini yule hakuuona ufuko, na wale aliokuwa akiwalinda walisahau kumlinda yeye.

Twajua kwamba kwa wengi wa wasomaji wetu neno mbwa halitamkwi bila ya kufikiri juu ya twahara. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu enzi za misafara, na Visiwani hatuhitaji kusema. Wafuasi wa Imamu Shafii hukiosha chombo alicholamba mbwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya usafi, na haijapata kuwa ruhusa ya kumtesa mnyama. Wanazuoni hao hao wameruhusu kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Katika Sura ya Pango ametajwa mbwa aliyenyoosha miguu yake kizingitini walikolala wale vijana. Na hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, naye akasamehewa madhambi yake, husomwa kila siku katika vyuo vyetu. Basi mwenye kujali twahara na afuge kwa utaratibu: banda pembeni mwa ua, chombo cha mbwa kiwe cha mbwa peke yake, na mbwa asiingie nyumbani. Utaratibu huo huo ndio anaoutaka daktari wa mifugo. Hapa sheria ya dini na elimu ya tiba zimekutana mlango mmoja.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa hupita katika mate. Kikishaingia kwenye jeraha hufuata mishipa ya fahamu polepole kuelekea kwenye ubongo, mara nyingi kwa muda wa mwezi mmoja hadi mitatu. Ishara zake zikishaonekana, mgonjwa akaanza kuogopa maji huku akiwa na kiu, hapana dawa; mwisho wake ni kifo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, na wengi wao ni watoto wa vijijini katika Afrika na Asia. Tena wote hao hufa kwa ugonjwa ambao kinga yake imejulikana tangu mwaka 1885, wakati Louis Pasteur alipomchanja kijana Joseph Meister kule Paris. Jeraha likioshwa papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, na majeruhi akawahishwa kupata sindano na kuzimaliza zote alizopangiwa, atapona. Asipakwe mafuta ya taa, wala majivu, wala asingojewe kuonekana kama ataugua.

Lakini sindano ya binadamu ni ghali, nayo haipatikani katika kila zahanati. Mtoto aliyeumwa kijijini Mwamgongo, kule kaskazini mwa Gombe, hana budi kungoja boti. Sindano ya mbwa ni rahisi mno kuliko ya mtu. Hesabu hii haihitaji mtaalamu wa uchumi, ingawa mara kwa mara tumewaona wataalamu wakiishindwa.

Ugonjwa ukizuka, jambo la kwanza linalofikiriwa katika ofisi nyingi ni bunduki. Amri hutolewa kwamba mbwa wazururao wapigwe risasi, na kwa siku mbili tatu mitaa husikika milio. Sisi hatukatai kwamba mbwa aliyekwisha kuonyesha kichaa ni lazima auawe. Tunachokataa ni kudhani kwamba kuua mbwa ni kuua ugonjwa. Mwenye mbwa akisikia habari ya msako humficha, au humpeleka kwa shemeji yake katika kijiji cha pili, na kama mbwa huyo ameambukizwa basi ugonjwa nao umesafirishwa. Anayeuawa mara nyingi ni yule aliyekwisha kuchanjwa, kwa sababu ndiye asiyeogopa watu. Na nyumba iliyopoteza mlinzi wake haikai bila ya mlinzi. Kabla ya mwezi kwisha ameletwa mtoto wa mbwa mwingine, asiyejua sindano.

Tukitaka mfano, tutazame kisiwa cha Flores katika nchi ya Indonesia. Kisiwa hicho hakikuwa na kichaa cha mbwa hata kidogo mpaka mwaka 1997, wavuvi walipoleta kwa mashua mbwa kutoka kisiwa kingine chenye ugonjwa. Wakubwa waliamuru mbwa wauawe kwa maelfu. Ugonjwa uliendelea. Mwaka 2008 balaa hilo hilo liliingia kisiwani Bali, na huko pia mbwa wengi sana waliuawa kabla ya wakubwa kugeukia chanjo ya kisiwa kizima, ambayo ndiyo iliyoanza kupunguza vifo.

Mfano mwema uko karibu zaidi, katika Jamhuri yetu wenyewe. Pemba iliingia katika mpango mkubwa wa kupambana na kichaa cha mbwa pamoja na wilaya za kusini-mashariki ya Tanzania. Kuanzia mwaka 2010 mbwa wa kisiwa hicho walichanjwa kwa kampeni za kila mwaka, na kufikia mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Ndipo ikaja ile hali ambayo sote twaijua, ya kudhani kwamba adui asiyeonekana hayupo. Mwaka 2016 ugonjwa uliingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, tena mara mbili, ukakuta mbwa wasio na kinga, ukaenea. Wapemba hawakukata tamaa. Kampeni zilirudishwa kisiwa kizima, na mwaka 2018 ugonjwa ukatokomezwa kwa mara ya pili. Kama watu waliozungukwa na bahari, ambao wengi wao hawamgusi mbwa kwa mkono, wameweza kuusimamia mpango huo hadi mwisho, sisi wa ziwani tutatoa udhuru gani?

Kwa hakika udhuru tunao mmoja, nao tuutaje kwa haki. Kisiwa kina mpaka unaolindika. Kigoma haina. Mialo yetu hupokea vyombo kutoka Burundi, Kongo na Zambia, na katika chombo chenye nyavu na magunia mbwa mmoja hahesabiwi. Aliyelala juu ya nyavu leo huko Kalemie anaweza kubweka kesho Kibirizi. Kwa hiyo chanjo yetu haiwezi kuwa ya mara moja kwa sifa, yenye picha ya kiongozi ameshika sindano. Wataalamu wanasema kwamba mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa kila mwaka ugonjwa hukosa njia ya kupita. Tena watoto wa mbwa nao wahesabiwe. Ni desturi mbaya kuwarudisha nyumbani kwa hoja kwamba bado wadogo, kwani hao ndio watakaokuwa mitaani mwaka utakaofuata, nao ndio wanaochezewa na watoto.

Kuna na jambo la hifadhi. Gombe, ambayo ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, ni ukanda mwembamba wa milima uliobanwa kati ya ziwa na mashamba, na mbwa hajui mpaka wa hifadhi. Mwaka 1994 maradhi mengine ya mbwa, yaliyoaminiwa kwamba yalitoka vijijini, yaliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sokwe wa Gombe hawafikii idadi ya simba wale. Hatutaki kujaribu bahati yetu juu yao.

Maofisa wa Halmashauri zetu wamekuwa wakijibu, na si bila ya sababu, kwamba chanjo ya mbwa inahitaji barafu, na barafu haifiki katika vijiji ambavyo njia yao kuu ni maji. Jibu hilo lilitosha zamani. Utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 umeonyesha kwamba aina moja ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilibaki na nguvu yake baada ya kuwekwa miezi sita katika joto la digrii 25, na miezi mitatu katika digrii 30. Maana yake ni kwamba dawa iliyowekwa katika chombo cha udongo chenye ubaridi, chini ya ulezi wa mtu aliyefunzwa kijijini, inaweza kungoja boti badala ya boti kuingoja dawa. Tungependa kuona bwana mifugo wa tarafa za mwambao akipewa mafuta ya boti na madebe ya udongo kabla ya kupewa risasi.

Kwa upande wa wafugaji, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haimruhusu mtu kumfuga mnyama akamwacha na njaa na mateso. Hatudhani kwamba mahakama zijazwe wenye mbwa. Lakini serikali za mitaa zinaweza kuanza kwa kuandika daftari: nani ana mbwa, wangapi, wamechanjwa lini. Asiyeweza kumlisha mbwa mmoja asifuge wanne. Mbwa afungwe mchana, afunguliwe uani usiku, amjue mwenyewe na watoto wa nyumba. Mbwa wa namna hiyo, hata akiwa wa kienyeji, hulinda kuliko wa kizungu mwenye njaa anayefuata mtu yeyote mwenye mfupa, mwizi akiwa mmojawao.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaopanga tarehe za kampeni. Ratiba zilizotungwa mezani huangukia popote, na mara nyingi huangukia kwenye giza, wakati wanaume wa mwambao wako ziwani usiku na wamelala mchana. Wanaoletwa na watoto ni mbwa wapole tu, na wale wakali, ambao ndio walinzi hasa, hubaki nyumbani bila ya chanjo kwa kuwa hapana awezaye kuwashika. Chanjo ya Kibirizi, Katonga na vijiji vyote vya ziwani ipangwe katika siku za mbalamwezi, vyombo vikiwa vimepumzika ufukoni na wavuvi wakishona nyavu zao. Siku hizo mwenye mbwa yupo, na mbwa anamjua anayemshika.