Bi Harusi, Itoe Ile Kamera Kabatini



Siku hizi kila mwali anataka video ya hina inayokwenda mbio: mkono mtupu, mara ua la kwanza, mara piko, na haijafika dakika moja mkono umejaa. Wenyewe huiita taimulapsi. Ni picha za kawaida tu, zinazopigwa moja moja kila baada ya sekunde kadhaa, kisha zikaunganishwa. Sisi tunaoshona nguo za maharusi tunasema wazi: msiipige kwa simu. Tumieni ile kamera ndogo ya dijitali iliyolala kabatini.

Sababu kubwa ni stara. Siku ya hina wanawake wamevua mabuibui, nywele wazi, kila mtu amestarehe. Simu ikisimamishwa pale saa tatu, ina intaneti na magrupu yake. Nyengine hupeleka picha mtandaoni zenyewe bila ya mtu kubonyeza kitu. Kamera nyingi za zamani hazina intaneti. Picha zimo kwenye memori kadi, na kadi anaishika bi harusi au somo wake.

Mtasema kadi nayo hunakiliwa. Kweli, na ndiyo maana tunasisitiza: kamera ielekezwe mikononi tu, waliopo waambiwe mapema, kadi asipewe mtu mwengine, na kuunganisha kufanywe nyumbani kwenye kompyuta yenu.

Mtasema pia simu ina picha nzuri zaidi. Lakini kwa video ya kutazamwa kwenye kioo kidogo, hata picha za kamera kongwe zinatosha. Picha moja kila sekunde 10 kwa saa 3 ni picha 1,080. Zikipita 25 kwa sekunde, mnapata kama sekunde 43.

Kamera nyengine zina mpango huo ndani ya menyu. Canon PowerShot nyingi za zamani hukubali CHDK, programu ya bure inayowekwa kwenye kadi. Tafuteni toleo la modeli yenu hasa. Zimeni flashi, fungeni fokasi na kipimo cha mwanga, la sivyo video itametameta. Betri ijazwe chaji, na stendi isiguswe mpaka kazi iishe.

Tena ipo faida ambayo sisi mafundi tunaipenda. Gauni likishavaliwa, nani anaona saa zilizokwenda kwenye shanga? Mpaka hina naye ni hivyo hivyo, anainama mpaka mgongo unauma. Video hii inaionesha subira yake, na sura ya mtu haihitajiki.

Harusi ni furaha ya kutangazwa, lakini mwili wa mwali si tangazo. Mwenyezi Mungu azijaalie ndoa zenu heri na baraka, na atusitiri sote. Amin.