Istilahi Zishuke Karakanani, Zipande Paani

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hunukuliwa mno darasani kama onyo la kimaadili, lakini kwa fundi anayeunga mifereji ya hewa juu ya paa la duka kubwa au hospitali, ni kanuni ya kazi kama zilivyo kanuni nyingine. Ufa asiouziba leo ndio utakaovujisha hewa iliyopozwa kwa gharama kubwa ya umeme, ndio utakaodondosha maji darini, na ndio utakaomrudisha kazini abomoe alichokijenga. Makala haya yanadai kwamba upo ufa mwingine katika kazi hiyo hiyo, nao ni ufa wa lugha. Huu hauwezi kuzibwa na fundi peke yake. Wasomi wa Kiswahili, hususan vijana walio katika vyama vya vyuo vikuu, wana deni hapa, na dawa ya deni ni kulipa.

Pana haja ya kueleza kwanza kazi yenyewe, maana asiyejua maana haambiwi maana. Mtambo wa paani ni sanduku kubwa la chuma ambalo ndani yake mna feni, machujio, kompresa na koili za kupozea hewa. Nchini Marekani, ambako mitambo hii imetapakaa juu ya mapaa bapa ya maduka na shule, mtambo mmoja hupoza jengo majira ya joto na kulipasha moto majira ya baridi. Nchini Kenya kazi yake kuu ni kupoza, hasa Mombasa ambako joto na unyevu huandamana. Hata hivyo, mtambo huo haufai kitu bila mifereji. Mmoja hupeleka hewa iliyopozwa vyumbani, na mwingine huirejesha hewa iliyotumika ili ichujwe na kupozwa upya. Laiti mtambo ungekuwa moyo, mifereji hii ingekuwa mishipa yake.

Huenda mwanafunzi wa fasihi akauliza haya yanamhusu nini. Historia ina jibu. Mnamo 1902 mhandisi kijana, Willis Carrier, alisanifu mtambo wa kudhibiti unyevu wa hewa katika kiwanda kimoja cha uchapaji mjini Brooklyn, New York. Karatasi zilikuwa zikinywa unyevu na kutanuka, kisha zikisinyaa, hata rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kulingana. Taaluma ya viyoyozi vya kisasa, basi, ilipata msukumo wake katika jitihada za kuokoa ukurasa wa chapa. Mwenye kuishi kwa vitabu hana sababu ya kuibeza.

Tuitazame kazi hatua kwa hatua, tukiyapima na maneno yake. Fundi hupima paa kwanza akajua boriti ziko wapi, kwa kuwa mtambo wenye uzito wa mamia ya kilo hauwezi kuketi popote. Kisha hukata tundu la kupitishia mifereji na kulizungushia fremu ya chuma iliyoinuka juu ya uso wa paa, ili maji ya mvua yasipate njia. Mtambo huketishwa juu ya fremu hiyo. Hapa Kiswahili hakihitaji kubisha hodi kwa jirani. Nyumba ya Mswahili ina kizingiti, na kizingiti cha chini huinuka mlangoni ili kisichotakiwa kisipite. Fundi anayeambiwa ajenge kizingiti cha tundu ataelewa papo hapo kwa nini hakipaswi kuwa bapa. Anayetajiwa neno la kigeni asilolijua ataiga umbo aliloonyeshwa, na siku umbo likibadilika hatajua la kufanya.

Mifereji yenyewe huundwa kwa mabati yaliyopakwa zinki. Ncha hukunjwa zikafumbatana, vipande vikaungwa kwa flanji na skrubu, vikaning'inizwa kwa vyuma imara. Baina ya mtambo na mfereji wa kwanza hutiwa kipande cha turubai, ili mtikisiko wa feni usisafiri ndani ya bati na kuligeuza jengo zima kuwa ngoma. Umbo nalo lina hesabu yake. Mfereji wenye upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60 una nafasi ya sentimita mraba 3,600. Wenye upana wa 120 na kimo cha 30 una nafasi iyo hiyo. Lakini mzingo wa ule wa kwanza ni sentimita 240, na wa pili ni 300. Mfereji mpana na mfupi hula bati zaidi, na hewa husuguana zaidi na kuta zake. Kona za ghafla huzidisha tatizo, ndiyo maana ndani yake hupachikwa mapezi ya kuiongoza hewa. Fundi akipuuza haya, feni italazimika kuzungushwa kwa kasi zaidi. Na kanuni za feni zinaeleza kuwa katika mifereji ile ile, kuongeza hewa kwa asilimia 10 hudai nguvu zaidi kwa takribani asilimia 33. Mwenye duka atalipa tofauti hiyo kila mwezi, pengine bila kujua kuwa chanzo chake ni kona mbili zilizokunjwa vibaya.

Kuziba viungo ndiko kunakodhihirisha zaidi hatari ya kuazima jina pamoja na kosa lake. Kwa Kiingereza, upo utepe wa nguo wenye gundi ya mpira uliopewa jina la mfereji wa hewa, kana kwamba uliumbwa kwa ajili yake. Mnamo 1998 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory nchini Marekani walitangaza matokeo ya majaribio yao: miongoni mwa vizibio walivyovipima, utepe huo ndio ulioshindwa, nao uliachia haraka katika mazingira ya joto. Kinachodumu ni lahamu nzito ya kupakwa kwa brashi, ambayo hukauka ikabaki kama ngozi juu ya kiungo. Fundi anayefuata jina la Kiingereza atanunua kitu kisichofaa kwa sababu tu kimeandikwa kwamba kinafaa. Kiswahili kina fursa ya kukiita kitu hicho utepe wa nguo, kisitaje mfereji kabisa, na kwa kufanya hivyo kikatoa onyo ambalo lugha iliyotangulia haikulitoa.

Je, chombo chenyewe kiitweje? Hapa ndipo mjadala unaponoga. Wapo wasemao dakti, wakilitohoa neno la Kiingereza. Wapo wanaopendelea bomba, lakini bomba humpeleka msikilizaji kwenye maji au mafuta, na umbo lake ni la mviringo. Dohani ni neno kongwe na zuri, ila limekwisha kujifunga na moshi. Mlizamu ni njia ya maji kutoka paani. Mfereji wa hewa una faida ya kueleweka na kila mtu, ingawa Mkenya akisikia mfereji hufikiria kwanza maji ya kunywa. Rai ya makala haya ni kwamba mfereji wa hewa uwe istilahi ya maandishi, na dakti ikubaliwe kama neno halali la karakana. Si ajabu lugha kuwa na jozi kama hizo. Vitabu vya fizikia vina kanieneo, neno lililoundwa kwa werevu kutokana na kani na eneo; fundi ana presha. Mwanafunzi akizijua zote mbili na uhusiano wake, hapana aliyepotea.

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili ni lugha ya mashairi na hadithi, na kwamba hewa ndani ya bati haiimudu. Madai haya yanasahau historia ya lugha yenyewe. Mabaharia wa Pwani waliufanyia upepo kazi kwa karne nyingi na wakaupa majina kwa kadiri ya kazi hiyo: kaskazi, kusi, matlai, umande, upande utokako upepo ukaitwa joshi, na uendako ukaitwa demani. Maseremala na wahunzi nao waliazima bila haya. Parafujo na bomba yalitoka kwa Wareno, karakana ina asili ya Kiajemi, skrubu imetoka kwa Waingereza. Hakuna kamati iliyoketi kuyaidhinisha maneno hayo. Yalipimwa mikononi mwa watu wa kazi, yaliyofaa yakabaki.

Pingamizi nzito zaidi ni kuwa miongozo ya mitambo huandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo fundi ajifunze Kiingereza yaishe. Hoja hii ina uzito, na kumnyima fundi Kiingereza kungekuwa kumdhulumu. Lakini inachanganya mambo mawili: lugha ya kusomea mwongozo na lugha ya kuelewana watu wanne walioshika bati zito ukingoni mwa paa wakati upepo unavuma. Lugha hiyo ya pili, katika miji mingi ya Kenya, ni Kiswahili, na hapo kosa dogo la kuelewana laweza kumwangusha mtu tunduni. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtwika mwajiri wajibu wa kuwapa wafanyakazi maelezo, maelekezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika kwa usalama wao. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Maelekezo yasiyoeleweka si maelekezo. Tundu lililofunikwa kwa ubao usiofungwa halimwulizi kibarua alifika kidato gani.

Aidha, mwongozo wenyewe hautoshi kusomwa, hudai kufasiriwa. Jedwali za feni kwa kawaida huandikwa kwa kipimo cha hewa ya usawa wa bahari. Mombasa jedwali hilo halina tatizo kubwa. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi zaidi na hesabu lazima isahihishwe. Vivyo hivyo bomba dogo la kutolea maji ya mtonyo: lisipowekewa kiwiko chenye umbo la U kinachobaki na maji ndani, mtambo ambao feni yake huivuta hewa kupitia koili utanyonya hewa kupitia bomba hilo, maji yatazuiliwa kwenye sinia na mwishowe yatafurika darini. Fundi aliyeelezwa sababu kwa lugha anayoiota usiku hatakisahau kiwiko hicho. Aliyekariri mchoro tu atakiona kama pambo, akakiacha ili aokoe shilingi chache.

Kuna pia suala la haki. Katika kazi hii, mwenye kuzimudu istilahi ndiye huitwa kwenye mkutano wa mhandisi na mwenye jengo, na ndiye hulipwa kwa ujuzi. Asiyezimudu huendelea kuitwa mkono, hata kama bati lake halivuji na kona zake hazina kasoro. Ujuzi usio na jina ni vigumu kuutetea mezani. Kumpa fundi istilahi za Kiswahili anazoweza kuzitamka, kuziandika na kuzifundishia mwanafunzi wake ni kumpa sehemu ya ujira wake.

Basi lifanywe nini? Kwanza, vyama vya Kiswahili vyuoni vitoke nje ya lango. Mwanafunzi anayefundishwa sajili ya mahakama, ya hospitali na ya sokoni aingie pia katika karakana ya bati, asikilize kabla ya kupendekeza, aandike maneno kama yanavyosemwa. Pili, idara za Kiswahili na za uhandisi, ambazo aghalabu zimo katika chuo kimoja, ziketi pamoja: mhandisi aeleze dhana, msomi wa Kiswahili apendekeze umbo la neno, na fundi awe mwamuzi wa kama linafaa kutamkwa juu ya ngazi. Tatu, tasnifu moja ya uzamili juu ya istilahi za mifereji ya hewa ichukuliwe kuwa na hadhi sawa na ya kumi na moja juu ya riwaya ile ile. Nne, matokeo yachapishwe katika kijitabu chepesi chenye michoro, kinachoingia katika mfuko wa koti la kazi, kabla ya kuwa kamusi nzito ya rafuni.

Hapana anayedai kuwa kijitabu hicho kitapoza jengo. Bati litaendelea kukatwa kwa makasi na kuungwa kwa jasho. Lakini kila siku inayopita, mitambo mingine inapandishwa juu ya mapaa na vijana wengine wanapanda nyuma yake, wakiwa na maneno nusu nusu ya lugha mbili. Vyama vya Kiswahili vianze na karakana iliyo karibu na chuo, muhula huu.