Mitishamba ya ini haimalizi minyoo ya kichocho

KATIKA mashamba ya mpunga ya Mwea na fuo za Ziwa Victoria, mtu mzima aliyefura tumbo hakosi wa kumuuzia chupa ya dawa ya kienyeji ya "kusafisha ini". Swali ambalo muuzaji haulizwi ni iwapo dawa hiyo inaua minyoo.

Minyoo wa kichocho cha tumbo huishi katika mishipa ya damu iliyo karibu na utumbo. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai kila siku. Mengine hutoka na choo. Yanayosalia husukumwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo na kuacha makovu. Miaka ikipita, damu hukosa njia, wengu huvimba na mgonjwa huweza kutapika damu hadi afe.

Kwa kuwa kinachoharibu ini ni mayai hayo, wazo la kulikinga kwa mimea si la kipuuzi. Silimarini, inayotolewa katika mbegu za mmea wa miiba wenye asili ya eneo la Mediterania, imepunguza makovu ya ini katika panya walioambukizwa kichocho. Lakini panya si binadamu, na nafuu hiyo ni ya ini tu. Minyoo wakibaki hai, mayai huendelea kutagwa. Isitoshe, si kila mmea ni rafiki wa ini: vidonge vya manjano vilivyokolezwa vimehusishwa na madhara ya ini nchini Italia na Marekani.

Dawa inayoua minyoo hao ni prazikwanteli, ambayo kwa kawaida humezwa mara moja kulingana na uzani wa mgonjwa. Nchini Kenya, kampeni za kuigawa zimeelekezwa zaidi kwa wanafunzi, ilhali mvuvi wa miaka 40 hayumo katika daftari la shule yoyote. Ni pengo hilo, kuliko ujinga anaosingiziwa mwananchi, linalomnufaisha mwenye chupa.

Mnamo 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba katika maeneo yaliyoathirika zaidi dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Hata hivyo, prazikwanteli haimkingi mtu dhidi ya maambukizi mapya, na mkulima aliyeimeza leo atarejea kesho katika maji yale yale yenye konokono.