Kiu yetu imeandikwa vya kutosha, sasa tunadai maji

Goma, 22 Machi 2023

Vijana wenzetu, wandugu wa Goma,

Leo ni Siku ya Maji Duniani. Huko New York wakubwa wa dunia wanafungua mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya maji, mkutano wa siku 3. Tangu ule wa Mar del Plata, Argentina, mwaka 1977, hawajafanya mwingine wa namna hiyo. Miaka 46! Asubuhi hii hapa kwetu, Ndosho na Majengo, wadogo zetu wametoka na bidoni za manjano kutafuta maji mbele ya kwenda masomo. Kanyaruchinya, ndugu zetu waliokimbia vita wako kwenye mstari na bidoni zao. Na chini pale ziwa Kivu linatuangalia, kina chake kinapita metre 480.

Hatuandiki leo ili kusema kwamba maji hakuna. Hiyo kila mtu anajua. Tunaandika juu ya kitu ambacho watu hawasemaka: kazi ya kuchunguza kiu yetu. Maji yanakosa pesa, tiyo zinakosa pesa, lakini utafiti juu ya maji haujakosa pesa ata siku moja.

Tunajua namna hii kazi inatembea, maana wengi kati yetu tumeifanya. Mfadhili anaandika maswali yake akiwa ofisini kwake, mbali. Kampuni ya washauri inapata soko. Mtaalamu anashuka na ndege, analala hoteli ya kando ya ziwa, wiki 2 ao 3. Kupanda mitaani, sisi njo tunapanda. Tunapewa simu yenye maswali, kofia, na perdiem kidogo. Tunapiga hodi: «Mama, unatembea dakika ngapi kwenda kuteka? Kwa siku munatumia bidoni ngapi? Nani hapa nyumbani aliharisha wiki hii?» Tunaandika. Mwisho wa kazi kuna semina, chupa ya maji mbele ya kila kiti, picha, makofi. Ripoti inaenda kwa yule aliyelipa, mara ingine kwa Kiingereza. Kartie iliyoulizwa haioni ata ukurasa mmoja.

Mmoja wetu alirudi katika nyumba ileile mara ya tatu, safari hii kwa kazi ya ofisi ingine. Mama alimtambua. Akamwambia: «Mutoto yangu, ulikuja tukakuambia. Ukarudi, tukakuambia. Leo tena unaniuliza bidoni ngapi? Zile za kwanza mulizipeleka wapi?» Kijana alikosa jibu. Aliandika namba, akaenda kupokea perdiem yake. Aibu ile ni yetu sote, na tunaanza kwa kuikubali.

Kujua hakujakosa, wandugu. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa ripoti juu ya maji ya Congo. Lilisema nchi yetu ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya juu ya ardhi ya Afrika nzima, na kwamba watu karibu milioni 51, robo tatu ya wananchi, hawakuwa na maji safi. Imepita miaka 12. Mwaka 1994 kolera iliua wakimbizi maelfu kwa maelfu hapa hapa, wengine wakinywa maji ya ziwa bila dawa. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, lava ikaharibu tiyo kubwa na tanki, na mashirika ya misaada yakasema watu karibu nusu milioni wamebaki bila maji. Na sababu zake pia si siri. Goma imekaa juu ya mawe ya lava: mvua inazama humo, mto hakuna mjini. Kwa hiyo REGIDESO inavuta maji ziwani na kuyapandisha kwa mashine. Umeme ukikatika, robine inakauka. Hayo yote ata mtoto wa sekondari atakuelezea bila perdiem.

Watasema: «Hawa vijana wanachukia wataalamu.» Hapana! Mji uliojengwa chini ya volkano unahitaji wataalamu kuliko miji mingine. Tiyo ipite wapi, mashine iwe na nguvu gani ili maji yafike juu, klorini iwe kiasi gani: vitu hivyo havipatikani kwa kupiga kelele. Na kuna walioleta kazi ya kuonekana. Programu iliyoongozwa na Mercy Corps kwa pesa ya Uingereza ilijenga matanki na robine za mitaa hapa Goma na kule Bukavu. Anayechota pale hawezi kusema ni bure.

Lakini kuna mtaalamu anayeulizwa tiyo ipite wapi, na kuna anayeulizwa kama sisi tuna kiu. Huyu wa pili tumechoka naye. Na mshauri anajibu yule anayemlipa. Mkataba wake njo unasema hivyo. Kama maswali yanatoka kwa mfadhili, majibu yatarudi kwa mfadhili. Sisi tunabaki namba ndani ya jedwali.

Kwa hiyo maneno yetu hatuyatupi kwa muzungu wa hoteli. Tunayatupa kwa viongozi wetu. Kifungu cha 48 cha Katiba kinatuhakikishia haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya maji, namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015, iliweka huduma ya maji mikononi mwa majimbo na serikali za chini. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, lakini haki ile haikufutwa. Bwana Gavana, Bwana Meya: ripoti hizo munazo? Kama munazo, kwa nini zimefungiwa ndani ya kabati? Kama hamuna, kwa nini muliruhusu watu waingie nyumba kwa nyumba na matunda ya kazi yao hamukuyaona?

Tunadai mambo 4:

1. Kila utafiti uliofanywa juu ya maji ya Goma utolewe wazi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, pamoja na bei iliyolipwa kwa washauri.

2. Mbele ya utafiti mpya, tuelezwe ule wa zamani ulizaa nini. Kama haukuzaa kitu, tuambiwe ni nani aliyeulalia.

3. Maswali yaandikwe pamoja na wakaaji wa kartie na wahandisi waliosoma hapa kwetu, na majibu yarudi kusomwa mbele ya wale walioyatoa.

4. Kila mradi useme kwa maandishi nani atalipa matengenezo ya mashine na tiyo wakati mfadhili ameshaenda.

Na sisi pia tuna kazi. Wewe uliyewahi kubeba simu yenye maswali, andika: kartie gani, mwaka gani, ofisi gani iliyokutuma, mama wangapi uliwauliza. Majina ya watu wa nyumba hizo usiandike, hayo ni yao. Tupeleke orodha hiyo kwa meria na kwa gavana, kwa barua yenye saini zetu, kwa amani. Tuombe muhuri wa kupokelewa, na tarehe. Wasipojibu, tunarudi. Kuuliza si kosa.

Halafu tutapiga hodi tena kwa yule mama, tumwambie tumepeleka namba zake wapi. Tunamdai hiyo sisi wenyewe, mbele ya kudai kwa mtu mwingine yeyote.

Maji ni haki yetu. Hatulali!