Sitawafunza kukata mti uliogeuka jiwe kwa keja

Wasee, inboksi yangu imejaa swali moja: "Buda, tuonyeshe vile unakata mti uliogeuka jiwe na grainda, utoe slaisi za kuwekea vikombe." Jibu ni hapana. Siweki hiyo video hata ikilipa.

Hiyo kitu si mbao tena. Ni mti ulizikwa chini ya tope na majivu ya volkano, maji yenye silika yakaingia polepole mpaka ukawa jiwe gumu kushinda kisu cha chuma. Ukilikata kavu, vumbi unaloona si ndilo noma. Noma ni lile huoni. Linashuka hadi chini kabisa ya mapafu na linakaa huko. Linaleta silikosisi, ambayo haina tiba, na TB inapata njia rahisi. Sasa weka hilo vumbi kwa keja ya chumba kimoja Makongeni ama Kiandutu, hapo hapo unapika, unalala, na mtoto wa jirani anacheza mlangoni. Leso usoni haisaidii. Barakoa ya hospitali pia, zii.

"Si nimwagie maji?" Kwa grainda ya stima umeshika na mikono? Stima itakumaliza kabla ya vumbi. Mashine za kukata na maji zipo, lakini hata nazo, tope likikauka linarudi kuwa vumbi.

Na hilo jiwe lilitoka wapi? Kama liliokotwa Sibiloi, mashariki ya Ziwa Turkana, hiyo ni mbuga iliyo kwa turathi za dunia tangu 1997. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006 inahesabu hata mabaki ya mimea ya kabla ya 1895 kuwa vitu vya kale. Mti wenyewe una mamilioni ya miaka. Piga hesabu.

"Lakini vijana hatuna kazi." Najua, naona foleni za asubuhi kwa mageti ya Eneo la Viwanda. Ndio maana nakasirika. Mtu ng'ambo ako na karakana, feni ya kuvuta vumbi na mashine ya maji, anakuonyesha slaisi inang'aa sekunde 30, na wewe unakopa ununue grainda.

Kama ulishakata kavu na kikohozi hakiishi, enda hospitali. Usiseme tu "ni homa." Mwambie daktari umekuwa ukikata mawe.