Dawa ya Moyo Haina Siku ya Kumaliza Dozi

KWA miaka mingi wananchi wa nchi hii wamefundishwa somo moja kuhusu dawa, nalo wamelishika barabara: maliza dozi. Limefundishwa na waganga katika zahanati, na walimu madarasani, na redio kila jioni. Dawa mseto ya malaria humezwa siku tatu, ikaisha. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida humezwa miezi sita, zikaisha. Aliyemaliza amepona, aliyekatisha njiani amejiletea balaa yeye na jirani zake. Ni somo la kweli, na limeokoa maisha ya watu wengi mno.

Walakini somo hilo hilo, likichukuliwa na mtu aliyenusurika na mshtuko wa moyo, laweza kumwua.

Mtu huyo hutoka hospitali na mfuko wa dawa. Miongoni mwake kimo kidonge cha kupunguza lehemu, ile ambayo wengi huiita kolesteroli. Dawa za jamii hiyo huitwa statini, na zinazojulikana zaidi ni simvastatini na atovastatini. Hupewa, tuseme, vidonge vya mwezi mmoja. Mwezi ukitimia vidonge vimekwisha, kifua hakimwumi tena, amerudi kazini na wenzake wamekwisha kumpa pole. Kwa hesabu aliyofundishwa tangu utotoni, amemaliza dozi. Hakuna aliyemdanganya. Ila hakuna pia aliyekaa naye akamweleza kwamba dawa hii ni ya namna nyingine.

Yafaa basi ieleweke kinachotendeka ndani ya mwili. Lehemu iliyozidi katika damu hujipenyeza katika ukuta wa mishipa inayoulisha moyo wenyewe, ikajijenga humo mwaka baada ya mwaka mfano wa uvimbe wa mafuta wenye ganda jembamba. Uvimbe huo waweza kukaa miaka bila kuuma. Siku ganda linapopasuka, damu huganda mahali pale, mshipa huziba, na sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa. Hospitali yenye vifaa huweza kuuzibua mshipa huo mmoja, lakini haiwezi kuiponya mishipa mingine yote iliyokwisha kuanza kuugua. Hapo ndipo statini inapofanya kazi. Hulizuia ini lisitengeneze lehemu kupita kiasi, nalo ini kwa kupungukiwa huichota zaidi ile iliyomo katika damu. Na yale maganda membamba huimarika. Kazi hiyo hudumu maadamu kidonge kinamezwa. Kikiachwa, lehemu hurudi pale ilipokuwa katika muda wa wiki chache, bila homa, bila kichomi, bila dalili yoyote ya kumwonya mwenyewe.

Faida ya dawa hii si ya kukisia. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika nchi za Skandinavia kwa wagonjwa wa moyo 4,444, wengi wao wakiwa wamekwisha kupata mshtuko. Nusu yao walipewa simvastatini, na nusu kidonge kitupu kisicho na dawa. Baada ya miaka ipatayo mitano na nusu, upande wa kidonge kitupu walikuwa wamekufa watu 256, na upande wa dawa 182. Tofauti ni watu 74. Mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya darasa lililojaa hana haja ya kuelezwa hao ni watu wangapi.

Wala asije mtu akadhani kwamba kukatisha dawa hii ni matokeo ya umaskini wetu peke yake. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, watafiti waliwafuatilia wazee walioanzishiwa statini baada ya kupatwa na dharura ya moyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2002: baada ya miaka miwili, waliokuwa wakiendelea nayo sawasawa walikuwa 40 tu katika kila 100. Marekani walikwenda mbali zaidi. Wagonjwa 5,855 waliotoka hospitali baada ya mshtuko wa moyo waligawanywa, baadhi wakalipiwa dawa zao za moyo na bima, wengine wakaendelea kuchangia gharama kama kawaida. Ilipofika mwaka 2011 matokeo yalionyesha kwamba miongoni mwa waliochangia, hakuna dawa iliyotumiwa ipasavyo na zaidi ya nusu yao. Na kule zilikotolewa bure, hali ilipanda kwa watu wanne hadi sita tu katika kila 100. Bei ni kikwazo cha kweli, na kuiondoa kuliwasaidia watu. Lakini mtu anayeamini kwamba amepona hatameza dawa kwa sababu tu ni ya bure.

Tunalisema hili kwa makusudi mbele ya watumishi wa serikali na walimu. Wao ni katika watu wa kwanza walioingizwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001. Mkulima aliyekosa vidonge ana la kujitetea. Ofisa mwenye kadi ya bima mfukoni, anayekaa kitini kutwa na kula chipsi mchana, akaacha dawa ya moyo kwa kuwa anajisikia vizuri, ana la kujitetea gani?

Wengine huacha kwa kuogopa. Husema dawa imewaletea maumivu ya misuli. Malalamiko hayo hayafai kubezwa, kwani mara chache sana statini huweza kuiumiza misuli kweli kweli, na mtu anayeona mkojo umekuwa wa rangi ya kahawia huku mwili ukimwuma sharti awahi hospitali siku ile ile. Kadhalika dawa hii huongeza kidogo uwezekano wa kupata kisukari. Lakini sikilizeni yaliyotokea London. Watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa sababu ya madhara walikubali kupewa chupa kwa zamu: mwezi huu statini, mwezi ule kidonge kitupu kinachofanana nacho, mwezi mwingine chupa isiyo na kitu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba sehemu tisa katika kumi za usumbufu walioupata walipokuwa wakimeza statini waliupata vile vile walipomeza kidonge kitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Aliyeyaleta hasa ni hofu. Walipoonyeshwa majibu yao wenyewe, nusu yao wakarudi kwenye dawa.

Hofu hiyo hupandwa, na sisi wenye magazeti hatuna budi kuwa waangalifu, kwani wakulima wake wengine wamekuwa wenzetu. Mwaka 2013 shirika la utangazaji la taifa la Australia, ABC, lilitangaza vipindi viwili vya kuzitilia shaka statini, na mwaka uliofuata vikaondolewa. Watafiti walikadiria baadaye kwamba katika miezi iliyofuata matangazo yale, waliochukua dawa hizo walipungua kwa watu wapatao 60,000 kuliko ilivyotazamiwa. Siku hizi hapana haja ya shirika la utangazaji. Ujumbe mmoja wa simu, usio na jina la mwandishi, hufika Songea na Bukoba kabla ya chai ya saa nne.

Na ujumbe huo mara nyingi huja na dawa mbadala: kitunguu saumu, ndimu, mlonge. Hatuna ugomvi na kitunguu saumu katika mchuzi. Lakini kilipopimwa huko Marekani kwa watu wazima 192 kwa muda wa miezi sita, wengine wakila kibichi na wengine vidonge vyake, lehemu mbaya haikupungua, kama taarifa ya mwaka 2007 ilivyoeleza. Anayekimbilia mimea kwa kuchelea kemikali ajue pia kwamba statini ya kwanza ilitoka katika kuvu, baada ya Mjapani Akira Endo, aliyefariki mwaka 2024, kuchunguza na wenzake vijidudu na kuvu aina zipatazo 6,000.

Hapa kwetu hali ni nzito zaidi. Mwaka 2011 uchunguzi uliofanywa katika nchi 17 ulionyesha kwamba katika nchi maskini zilizohusika, Zimbabwe ikiwa mojawapo, waliokuwa wakitumia statini miongoni mwa watu waliowahi kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi walikuwa watatu tu katika kila 100. Katika nchi tajiri walikuwa 66.

Hata hivyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba Mwafrika hawezi kumeza dawa maisha yake yote. Jambo hilo limekwisha kujibiwa, na jibu limetolewa na watu wetu wenyewe. Tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zilipoanza kutolewa bure, wananchi wengi vijijini na mijini wamekuwa wakizimeza kila siku, wakiwa hawaumwi, wakiwa shambani na sokoni. Hawakufanikiwa kwa kuachiwa mfuko wa vidonge mlangoni mwa hospitali. Waliketishwa wakaelezwa, wakapewa kadi yenye tarehe ya kurudi, wakaombwa wamtaje ndugu wa kuwakumbusha, na asiyetokea kliniki alitafutwa. Kwa nini mgonjwa wa moyo aachwe akisie peke yake?

Twaiomba Wizara ya Afya na waganga wakuu walitazame jambo hili. Kila anayetoka wodini baada ya mshtuko wa moyo apewe karatasi ya Kiswahili inayotaja kila dawa, kazi yake, na kwamba statini haiachwi bila amri ya daktari. Pale hali inaporuhusu, apewe vidonge vya miezi mitatu badala ya mmoja, maana nauli ya kufuata dawa nayo huwakatisha watu. Tena Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vidonge vinavyochanganya dawa kadhaa za moyo katika kimoja. Mwaka uliotangulia jaribio lililowahusu wagonjwa 2,499 wa Ulaya lilikuwa limeonyesha kwamba waliopewa kidonge cha namna hiyo baada ya mshtuko wa moyo walipatwa na madhara makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 9.5, na waliopewa dawa mbalimbali kwa njia ya kawaida kwa asilimia 12.7.

Walimu nao wanayo kazi. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana juu ya maji, vyoo na mbu. Mtoto aliye darasani leo ndiye atakayemsomea babu yake maandishi yaliyo juu ya boksi la dawa. Somo la kumaliza dozi liendelee kufundishwa kama lilivyo, na kando yake mtoto huyo afundishwe kwamba zipo dawa ambazo boksi likibaki na vidonge vya wiki moja, ndiyo siku ya kwenda kuchukua jingine.